Alfajiri, mezani au usiku: uanzie wapi kupanga siku yako kwa misingi ya Ayurveda?

Mtu akiamua kupanga siku yake kwa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kitu cha kwanza kukutana nacho ni orodha. Amka kabla ya jua. Nenda chooni. Kwangua ulimi. Sukutua kwa mafuta. Jipake mafuta mwili mzima. Fanya mazoezi. Oga. Kaa kimya upumue. Kunywa maji ya moto. Hapo bado hujala, na bado hujaambiwa ulale saa ngapi. Anayetoka nyumbani saa 11 na nusu kuwahi daladala anaisoma, anacheka, anazima simu.

Orodha yenyewe ni ya kale na ina jina: dinacharya, mwenendo wa siku kwa Kisanskriti. Vagbhata, tabibu wa India wa karne ya 7 hivi, ameipa sura nzima, ya pili, katika kitabu chake Ashtanga Hridayam. Wanaoinakili orodha hiyo husahau jambo jingine alilolisema Vagbhata huyo huyo: tabia mbaya iachwe robo kwa robo, na nzuri ianzwe robo kwa robo. Hakutaka mtu alale mlevi wa chai ya saa 6 usiku, aamke mtawa.

Basi swali si ufuate Ayurveda au usifuate. Swali ni robo ya kwanza uikate wapi. Ninaona milango mitatu: alfajiri, mezani, na usiku. Yote nimeipitia, mmoja kwa kuteleza, kama mtakavyosikia.

Saa yetu na saa yao

Ayurveda inausoma mwili kwa nguvu tatu ziitwazo dosha. Vata ni ya mwendo na ukavu, pitta ni ya moto na ukali, kapha ni ya uzito na unyevu. Aliyelelewa pwani na bibi anayezungumzia safura na balghamu hatashangaa sana. Tiba ya Kiyunani nayo inahesabu majimaji ya mwili, ila yenyewe ina manne na mizizi yake ni Ugiriki. Ni shule mbili tofauti, tusizichanganye.

Vagbhata anaeleza kwamba mwanzo wa mchana ni wa kapha, katikati ni ya pitta, mwisho ni wa vata. Usiku ni hivyo hivyo, na hata umri wa mtu. Walimu wa siku hizi wameligawa hilo katika vipande vya saa nne nne, na hapo Mswahili ana bahati, maana saa yetu huanza kuhesabu pale pale wanapoanzia wao, jua linapotoka. Saa 12 hadi saa 4 ni kapha. Saa 4 hadi saa 8 ni pitta. Saa 8 hadi saa 12 ni vata. Usiku unarudia mzunguko ule ule.

Kwa vitendo maana yake ni hii. Asubuhi mwili ni mzito, uchangamshwe. Mchana moto wa tumbo, wanaouita agni, uko juu, ndipo ule sawasawa. Jioni akili inarukaruka, itulizwe. Saa 4 usiku moto unarudi, na ukiukuta uko macho utaona njaa. Haya si matokeo ya maabara. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kufumbua jinsi mwili unavyotunza saa yake, lakini hawakupima vata wala pitta, na anayekuambia tuzo ile ilithibitisha Ayurveda huenda ana kopo la kukuuzia.

Vigezo nilivyotumia

Kizito kuliko vyote kwangu ni hiki: saa zipi za siku ni zako kweli? Wapo ambao alfajiri ni yao na usiku ni wa watoto. Wapo ambao mchana ni wa bosi. Ratiba ikipandwa kwenye saa ya mtu mwingine haioti.

Kisha nimeangalia pesa na vifaa, na watu unaoishi nao, maana bafu la pamoja na jiko la mama mkwe vina sheria zake. Nimeangalia mwili wenyewe: mimba, kisukari, vidonda vya tumbo, dawa unazomeza. Mwisho nimeuliza, ukikosa siku moja kinaharibika nini? Ratiba isiyoweza kustahimili safari ya msiba wa siku tatu haitadumu huku kwetu.

Njia ya alfajiri

*Inavyokwenda.* Saa inayotajwa ni brahma muhurta. Muhurta moja ni dakika 48, na hii huanza muhurta mbili kabla ya jua kutoka, yaani dakika 96. Jua likitoka saa 12 na nusu, wewe unaamka saa 10:54. Ukiisoma inatisha, lakini adhana ya alfajiri huangukia humo humo. Kwa hiyo Mwislamu anayeswali kwa wakati tayari anayo saa ya kuamka, kilichobaki ni asirudi kitandani. Tulio karibu na ikweta tuna nafuu nyingine: jua la Dar es Salaam halipishani hata saa moja mwaka mzima, wakati la Delhi hupishana karibu saa mbili kati ya Juni na Januari. Ukishaizoea saa yako, umeizoea.

Baada ya choo ni kinywa. Vitabu vinataja vijiti vya miti michungu, mikali na yenye ukakasi, na mwarobaini, ambao asili yake ni huko huko bara Hindi, haujakosekana uani kwetu. Mswaki wako wa dukani na dawa ya meno yenye floridi vibaki pale pale. Kijiti ni nyongeza. Ulimi hukwanguliwa kutoka nyuma kuja mbele, mara tano au sita, na kijiko kilichogeuzwa kinatosha. Kisha unasukutua kwa mafuta ya ufuta dakika chache na kuyatemea kwenye karatasi, si kwenye sinki.

Halafu ndiyo abhyanga, kujichua kwa mafuta yaliyopashwa moto. Baada yake mazoezi, lakini kwa nusu ya nguvu zako tu. Dalili ya nusu ni jasho la paji la uso na pumzi kuanza kutokea mdomoni. Kwa Februari ya Dar es Salaam jasho la paji hutoka ukiwa unafunga kamba za viatu, kwa hiyo sikiliza pumzi. Kisha kuoga: maji ya moto mwilini, si kichwani, kwa kuwa wanasema yanadhoofisha nywele na macho.

Sasa kuteleza kwenyewe. Nilikuwa nimepanga Tabata, Dar es Salaam, vyumba vinne, bafu moja. Asubuhi ya pili ya mradi wangu nilijipaka mafuta ya ufuta kuanzia utosini, nikamalizia nyayo nikiwa nimesimama, kisha nikapiga hatua moja kwenye kigae. Nilishika bomba, bomba likaja nami. Sikuvunjika kitu, ila sakafu niliifuta harakaharaka, na mpangaji mwenzangu aliyeingia baada yangu naye akaenda chini, ndoo na yeye. Mpaka nahama pale alikuwa akinisalimia kwa kugugumia. Tangu siku hiyo nyayo zangu huja mwisho, nikiwa nimekaa kwenye mkeka mkuukuu, kandambili kando. Mafuta huyatoa kwa unga wa dengu uliokorogwa na maji kidogo kabla ya kuoga, na sakafu hupigwa sabuni kabla sijatoka.

*Saa na pesa.* Ukifuata yote ni saa moja na nusu. Toleo fupi ni dakika 20, na lina idhini, kwani Vagbhata mwenyewe anasema hasa kichwa, masikio na nyayo visikose mafuta. Gharama ya kudumu ni mafuta peke yake. Ya ufuta yanahesabiwa kuwa ya moto, yanafaa Njombe au Nairobi ya Julai. Ya nazi yanahesabiwa kuwa ya baridi, na kwa joto la pwani ndiyo ningeanza nayo. Kikwanguo cha shaba ni pambo.

*Nyumbani.* Uwe na bafu lako, au uwe na wapangaji wenye subira.

*Mwili.* Sentensi inayomtaka mtu aamke brahma muhurta inamtaja mtu mwenye afya, neno ambalo wengi huliruka. Mwenye homa au aliyevimbiwa asijipake mafuta mwili mzima. Mafuta ya kudondoshea puani sishauri mtu ajaribu peke yake, hasa mwenye pumu, maana yakivutwa mapafuni yanaweza kuleta nimonia. Masikioni pakaa kwa nje, inatosha.

*Ukikosa siku.* Ndiyo njia inayokatika upesi kuliko zote. Ukilala msibani siku mbili, ya tatu huamki.

*Inamfaa nani?* Mstaafu. Mwenye duka anayefungua saa 3. Anayefanyia kazi nyumbani. Yeyote ambaye saa 4 usiku ameshalala. Anayelala saa 6 usiku akaamka saa 10:54 hajafuata Ayurveda, amejinyima usingizi, na usingizi kwao ni moja ya nguzo tatu za uhai, sawa na chakula.

Njia ya mezani

*Inavyokwenda.* Huku hubadilishi saa ya kuamka wala hununui mafuta. Unahamisha uzito wa chakula. Asubuhi kidogo, mchana ndio mlo mkuu, kati ya saa 6 na saa 8 wakati pitta iko juu, na usiku chepesi. Kisha unashika mambo mawili matatu, na la kwanza ndilo lenye faida zaidi: usile mpaka cha mwanzo kimeshuka. Utajuaje? Tumbo ni jepesi, njaa ni ya kweli, na ukicheua hakurudi harufu ya chakula. Ukicheua saa 7 ukasikia maandazi ya asubuhi, subiri.

La pili ni kiasi. Tumbo ligawe mafungu manne: mawili ya chakula, moja la maji, moja liachwe wazi. Mwislamu atakumbuka hadithi ya theluthi tatu, chakula, kinywaji na pumzi. Hesabu si moja lakini nia zinakaribiana. Na la tatu, chakula kiwe cha moto, kimepikwa siku hiyo, na mlaji awe anakula, si anaperuzi. Hapa najua nimewapoteza nusu ya wasomaji, kwa sababu Ayurveda haikipendi kiporo. Wali wa jana uliopashwa na chai ya rangi ni moja ya raha za dunia hii, na mimi sijauacha kabisa. Nimeuacha siku za kazi.

Vionjo sita navyo vinatajwa: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu, na ukakasi. Watu hudhani lazima waagize viungo Mumbai. Chukua sahani ya kawaida ya Tanga: wali ni tamu, ndimu ni chachu, chumvi ipo, tangawizi au pilipili manga ni kali, mchunga ni mchungu, choroko zina ukakasi. Imekamilika. Ukitaka ya kwao kabisa, pika mchele na choroko zilizoparazwa chungu kimoja, na manjano, binzari nyembamba, tangawizi na kijiko cha samli. Hiyo ndiyo khichdi, mlo wa mgonjwa na wa mwenye haraka, na choroko na samli vyote viko sokoni kwetu.

Kuna makatazo. Maziwa na samaki visikutane (tui la nazi si maziwa ya ng'ombe, mla samaki wa kupaka apumue). Asali isichemshwe, isubiri chai ipoe kidogo. Mtindi usiliwe usiku, na hili nyumba nyingi za kwetu zitalipinga kwa nguvu zote.

*Saa na pesa.* Muda wa ziada ni dakika 20 za kukaa chini mchana, ambazo wengi wanazo ila huzitoa kwa simu. Pesa ni zile zile. Mwenye hotpoti abebe. Anayekula kwa mama ntilie aseme tu, "Mama, nipunguzie wali, niongezee maharage na mboga." Siku ya tatu hatahitaji kusema. Mimi huondoka na kipande cha tangawizi kilichopakwa chumvi kwenye karatasi, natafuna kabla ya kula, na mwenzangu mezani bado ananiuliza kama nina mimba.

*Nyumbani.* Hapa ndipo pagumu kuliko njia nyingine. Familia zetu nyingi sufuria kubwa hupandishwa jioni, watu wakiwa wamerudi wote. Kula kidogo usiku ni kukaa kando ya sinia wakati wengine wanakula, na kumrudishia mama chakula alichokupakulia kuna gharama ambayo Vagbhata hakuiandika. Kilichonisaidia si kukataa bali kujipakulia mwenyewe, kuanza na mboga, na kula polepole hadi wengine wamalize.

*Mwili.* Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge asihamishe mlo mkuu bila kuongea na daktari wake, kwa sababu dozi ilipangwa kwa ratiba ya zamani na sukari inaweza kushuka ghafla. Mjamzito asiruke mlo kwa kusubiri dalili za kucheua. Mwenye vidonda vya tumbo awe mwangalifu na tangawizi na pilipili. Ramadhani mlo wa mchana haupo, lakini mafungu ya tumbo yanafanya kazi vizuri tu wakati wa kufuturu.

*Ukikosa siku.* Hakuna kilichoharibika. Pilau la harusi likipita, mlo unaofuata unarudi kwenye mstari. Kwa kustahimili, hii haina mpinzani.

*Inamfaa nani?* Mwenye gesi, kiungulia, au yule anayesinzia juu ya kompyuta saa 9 alasiri. Mfanyakazi ambaye asubuhi na jioni zimeliwa na barabara. Haimfai anayekula kwa ratiba ya mtu mwingine kabisa, kama mwanafunzi wa bweni.

Njia ya usiku

*Inavyokwenda.* Tanga tulikuwa na jirani, nyanya wa Kigujarati. Baada ya magharibi alikaa kibarazani na mjukuu wake, miguu ya mtoto mapajani mwake, mkononi kibakuli kidogo cha shaba. Alipaka samli kidogo kwenye unyayo, kisha akausugua kwa tako la kile kibakuli, taratibu, mduara mmoja hadi mwingine. Baada ya muda unyayo unakuwa mweusi kama aliyekanyaga majivu. "Joto linatoka," alituambia. Mimi nadhani ni shaba na samli tu zinagombana. Lakini mtoto alikuwa hafiki unyayo wa pili macho wazi, na hilo nililiona mara nyingi mno kulibisha.

Ndiyo picha ninayobaki nayo ya njia hii, ambayo kimsingi ni kuishusha siku. Chakula chepesi kabla ya taarifa ya habari ya saa 2. Matembezi mafupi, hata ya kwenda na kurudi dukani. Simu inaachwa sebuleni. Mafuta au samli nyayoni, kwa kibakuli au kwa kidole gumba. Anayependa anywe maziwa ya moto yenye kungumanga kidogo. Kitandani kabla ya saa 4, ule moto wa pili haujaamka. Kama hujui ninasema nini, kaa macho mpaka saa 5 na usikilize chipsi mayai zinavyonukia hadi chumbani.

Kulala mchana vitabu havipendi, isipokuwa majira ya joto kali, na kwa watoto, wazee na waliochoka. Pwani ya Januari nadhani inaingia kwenye msamaha huo.

*Saa na pesa.* Dakika 15. Kijiko nusu cha samli, na soksi kuukuu za kukinga mashuka.

*Nyumbani.* Adui ni televisheni. Lakini ndiyo njia pekee kati ya hizi inayoweza kuwashirikisha wengine: watoto hupanga foleni kuchuliwa nyayo, na mume na mke wanaweza kupokezana bila maneno mengi.

*Mwili.* Mwenye kisukari akague nyayo kwanza, asitumie mafuta ya moto, asiyaache katikati ya vidole. Kungumanga ni ya ncha ya kisu, ikizidi ni sumu, na mjamzito aiache. Ukiamka usiku kwenda msalani, vaa kandambili, nadhani nimeshaeleza kwa nini. Usingizi ukikosekana wiki baada ya wiki, au ukikoroma hadi pumzi inakatika, hiyo ni kazi ya hospitali.

*Ukikosa siku.* Usiku mmoja hausumbui. Mitatu mfululizo utaisikia asubuhi.

*Inamfaa nani?* Anayejigeuza kitandani akihesabu madeni. Wazazi wa watoto wadogo. Anayetamani njia ya alfajiri lakini haamki, maana anayelala saa 4 huamka mwenyewe bila kengele.

Je, nianze kwa kujua mimi ni vata, pitta au kapha?

Wengi hukwama hapa kwa majuma, wakijaza maswali kwenye simu, leo pitta, kesho vata. Ayurveda inatofautisha umbile ulilozaliwa nalo na hali uliyo nayo sasa, na maswali ya kwenye simu kwa kawaida hukamata hali ya wiki hiyo. Mimi nisingelisubiri hilo. Tumia dalili kubwa tu. Ukiwa na ngozi kavu, gesi na mawazo yanayokimbia, pendelea mafuta na vya moto. Ukiwa na joto na kiungulia, pendelea nazi na vya baridi, punguza pilipili. Ukiwa mzito na mwenye kohozi, ongeza mazoezi na punguza mafuta. Njia zote tatu zinakubali marekebisho hayo.

Na hakuna hata moja inayohitaji dawa ya kopo. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walichapisha vipimo vya bidhaa 70 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa madukani huko, na 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Chakula, mafuta na usingizi havina tatizo hilo.

Kwa hali yako

Unaishi peke yako au una bafu lako, na kazi yako haianzi mapema: jaribu alfajiri, lakini robo ya kwanza iwe ulimi na maji ya moto, mafuta yafuate wiki ya pili.

Tumbo ndilo linalokusumbua: anza mezani, na katika mezani anza na ile ya kusubiri cha mwanzo kishuke. Wiki moja itakuonyesha kama kuna kitu.

Una mtoto mchanga: achana na alfajiri bila kujilaumu. Kula cha moto, lala anapolala, nyayo zako zichuliwe na mtu mwingine kama yupo.

Mlinzi, muuguzi, yeyote wa zamu ya usiku: saa zote nilizotaja zinakupita, ila Vagbhata amekuachia kanuni moja. Usingizi uliopotea usiku ufidie kwa nusu yake asubuhi, kabla ya kula. Umekosa usingizi kwa muda wa saa 8, lala muda wa saa 4 kwanza, chai baadaye. Siku za mapumziko rudi kwenye njia ya usiku.

Unameza dawa kila siku: usiku ndiyo yenye hatari ndogo kwa sababu haigusi sana saa za dawa na milo, ukiacha kile chakula cha jioni kinachosogea mbele, ambacho umtajie daktari.

Wawili mnaoishi pamoja, mmoja wa alfajiri na mmoja wa usiku: kubalianeni kwenye mlo wa mchana wa Jumamosi na Jumapili, hapo ndipo mnapokutana.

Na yule wa daladala ya saa 11 na nusu? Alfajiri si yake, ni ya barabara. Ana dakika moja ya ulimi, ana hotpoti, na ana nyayo usiku kama hajafika nyumbani amechoka kupita kiasi. Ningemwongezea kitu kimoja tu cha njiani. Haja za mwili ambazo Ayurveda inakataza kuzibana ni 13, usingizi, njaa, kiu na hata machozi vikiwamo, na mkojo uko juu juu kabisa kwenye orodha. Basi kabla ya kupanda aende chooni, hata kama hajisikii, kwa sababu foleni ya Barabara ya Mandela haikuwapo enzi za Vagbhata.